Ukapteni wa shirika dogo hauhami nawe
Mleta mada anadai kapteni wa Envoy, shirika dogo la ndege la Marekani, anahamia American Airlines na ukapteni wake. Hapana, haendi akiwa kapteni. Yuko sahihi kwenye nusu tu: Envoy na mashirika madogo mengine, Piedmont na PSA, zote zinamilikiwa na American Airlines Group, na marubani wao wana makubaliano ya kuvuka kwenda American bila kusailiwa upya. Ila wanavuka kwa foleni ya ukongwe (aliyeajiriwa mapema hutangulia), na ukishavuka unaanza mkiani mwa orodha nyingine kabisa, ya marubani wa American. Jana ulikuwa na mistari minne ya kapteni begani, leo mitatu ya rubani msaidizi, kiti cha kulia, na safari za sikukuu zinakuangukia wewe kwa sababu wenzako wote wamechagua safari kabla yako. Wapo wanaokataa kuvuka kwa hilo tu, na siwalaumu.

SkyWest, shirika dogo jingine, ni kampuni huru, kwa hiyo msidhani kila ndege ndogo yenye rangi za Delta au United ni mali ya mashirika hayo makubwa.

Zile saa 1,500 za kuruka mnazobishania hazihusiani na kuvuka, ni za kuingia mlangoni, yaani kuajiriwa mara ya kwanza. Tangu 2013 kanuni za FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, zinamtaka hata rubani msaidizi wa shirika la abiria awe na leseni ya ATP, ile ya juu ya urubani, na kwa kawaida inadai saa hizo 1,500. Chanzo ni ajali ya ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, karibu na Buffalo, Februari 2009. Aliyerusha ndege jeshini anaruhusiwa kwa saa 750, na mwenye shahada ya urubani ya chuo kilichoidhinishwa kwa 1,000.