JIBU: Kupima kipato cha wakulima wa kahawa Moshi Vijijini – sampuli, dodoso na wadadisi

Mkuu, kwa ufupi umeuliza hivi: unafanya uzamili, mada ni mchango wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao) kwenye kipato cha wakulima wa kahawa Moshi Vijijini, una AMCOS nne zenye wanachama 1,200 kwa jumla, na unataka kujua uhoji watu wangapi, kipato ukiulizeje, na utumie programu ipi ya takwimu, SPSS au Stata. Umeongeza kwamba unapanga kwenda uwandani Desemba ukiwa na wadadisi wanne.

Swali la watu wangapi ndilo jepesi kuliko yote. Kanuni ya Yamane (1967), ile inayokaririwa kwenye kila sura ya tatu ya tasnifu, ni n = N ÷ (1 + N × e²), ambapo n ni sampuli, N ni watu wote na e ni kosa unaloruhusu. Weka 1,200 na kosa la 0.05, unagawa 1,200 kwa 4, unapata 300. Msimamizi ataridhika. Ila kanuni hiyo ina masharti mawili ambayo watu hawayasemi. La kwanza, kila mtu awe amechaguliwa peke yake kwa bahati nasibu kutoka orodha nzima. La pili, kinachopimwa kiwe asilimia, kwa mfano asilimia ya wanaonyunyizia dawa ya chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa). Haikuahidi chochote kuhusu wastani wa kipato wala tofauti kati ya makundi mawili, na hicho ndicho unachokitafuta wewe.

Kivitendo hutachagua watu 300 waliotawanyika kote. Utachagua vitongoji, kisha kaya ndani yake. Majirani wanafanana: mwinuko mmoja, mvua ileile, mara nyingi ukoo uleule. Kufanana huko kunakula sampuli yako. Hesabu yake ni 1 + (m − 1) × ρ, ambapo m ni kaya unazochukua kwa kila kitongoji na ρ ni kiwango cha kufanana. Kwa ρ ya 0.05, ukichukua vitongoji 15 kwa kaya 20 kila kimoja unapata 1.95, maana yake watu wako 300 wana uzito wa watu kama 154. Ukichukua vitongoji 30 kwa kaya 10 unapata 1.45, uzito wa watu 207 hivi. Dodoso ni zilezile 300, kilichoongezeka ni nauli tu. Kwa kahawa ya mlimani mimi nisingetegemea ρ iwe ndogo kiasi hicho, kwa sababu kitongoji cha juu Kibosho na cha chini kuelekea tambarare ni dunia mbili. Tawanya kadiri bajeti inavyoruhusu.

Ukitaka kulinganisha makundi mawili ya watu 150 kwa 150, hata bila hasara ya vitongoji, kwa nguvu ya asilimia 80 (nafasi 80 kati ya 100 za kuiona tofauti iliyopo) utanasa tofauti isiyopungua theluthi moja hivi ya mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi vipato vinavyotawanyika. Tofauti ndogo kuliko hapo itakupita, na usije ukaandika kwamba "AMCOS haina mchango" wakati ukweli ni kwamba sampuli yako haikuweza kuuona.

Sasa tuje kwenye makundi yenyewe, maana hapa ndipo mada nyingi za aina hii zinapovunjikia. Asiye mwanachama ni nani? Tangu msimu wa 2018, serikali ilipoelekeza kahawa ya wakulima wadogo ipitie vyama vya ushirika, mkulima asiye mwanachama naye amekuwa akipeleka kahawa yake palepale AMCOS. Anapimiwa kwenye mizani ileile. Kwa hiyo ukilinganisha "mwanachama" na "asiye mwanachama" kwa bei aliyolipwa, unalinganisha watu waliopita dirisha moja. Kinachoweza kutofautiana ni vitu vingine: pembejeo za mkopo, mafunzo, miche, gawio, haki ya kupiga kura kwenye mkutano mkuu. Amua unataka kupima mchango wa kipi kati ya hivyo, uandike hivyo kwenye malengo mahususi. "Mchango wa AMCOS" kwa jumla jumla haupimiki.

Halafu daftari la wanachama. Usilichukulie kama orodha ya watu walio hai. Yumo marehemu ambaye kihamba chake (shamba la nyumbani la migomba na mibuni) sasa kinalimwa na kitinda mimba. Yumo aliyehamia Dar es Salaam, na wapo baba na mwana walioandikwa kwa namba mbili huku shamba likiwa moja. Omba vitabu viwili: daftari la wanachama na daftari la makusanyo ya kahawa la msimu uliopita. Vioanishe kwa namba ya mwanachama kabla ya kuchagua jina hata moja. Watakaopatikana kote kote ni wanachama hai. Walio kwenye daftari la wanachama tu ni kundi la kuchunguza, siyo la kufuta. Ukichagua kutoka daftari la makusanyo peke yake utakuwa umewaondoa wote waliokata tamaa na kahawa, na wastani wa kipato utapanda bila sababu. Kaa na katibu wa AMCOS na mwenyekiti wa kitongoji mpitie orodha jina kwa jina. Ni kazi ya nusu siku kwa kila AMCOS na inaokoa wiki nzima.

Ukishasafisha na kuchagua vitongoji, chagua kaya kwa hatua sawa ndani ya orodha ya vitongoji hivyo. Kama waliobaki humo ni 960 na unataka 300, hatua ni 3.2: chagua kwa bahati nasibu namba ya kuanzia, endelea kujumlisha 3.2 na kukata desimali. Asipopatikana mtu, mrudie mara tatu kwa saa tofauti. Usimruhusu mdadisi kuruka kwa jirani "aliyekuwepo nyumbani". Anayekuwepo nyumbani saa nne asubuhi ana sababu ya kuwepo, na sababu hiyo karibu kila mara inahusiana na kipato.

Kipato usikiulize. Kijenge. Swali "kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" lina kasoro tatu kwa pamoja: mkulima hapokei kwa mwezi, linanukia kodi, na anayejibu hajui fedha ya wenzake ndani ya nyumba. Gawa vyanzo: kahawa, ndizi, maziwa, mahindi ya shamba la tambarare, vibarua, biashara, fedha za kutumiwa na watoto walioko mjini.

Kwa kahawa, uliza kilo na uulize ni kilo za nini. Wapo wanaopeleka matunda mabivu kwenye mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa (CPU), na wapo wanaokoboa, kuosha na kukaushia nyumbani wakapeleka kahawa yenye ganda. Takriban kilo 5 za matunda hutoa kilo 1 ya kahawa kavu yenye ganda. Dodoso lenye nafasi moja tu iliyoandikwa "kilo" litakuletea watu wawili wenye mavuno sawa, mmoja akionekana tajiri mara tano. Malipo nayo yatenganishe: malipo ya awali alipopima, na malipo ya pili baada ya kahawa kuuzwa. Ya pili yanaweza kuja miezi mingi baadaye, na mtu akiulizwa "msimu uliopita ulipata ngapi" huwa anachanganya malipo ya pili ya mwaka mmoja na ya awali ya mwaka mwingine. Mwombe stakabadhi. Wengi wanazitunza, kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi za kliniki na risiti za kanisani, na mdadisi mwenye subira ataonyeshwa. Ukizipata, ingiza namba za kwenye karatasi na uweke alama kwamba zimetoka kwenye karatasi.

Ndizi na maziwa muulize mama. Baba atakujibu kwa heshima zote, na atakosea. Maziwa yaulize hivi: jana asubuhi mlikamua lita ngapi, jana jioni ngapi, kati ya hizo ziliuzwa ngapi, kwa shilingi ngapi lita moja, halafu, katika miezi 12 iliyopita ng'ombe alikamuliwa miezi mingapi. Ukisahau hilo la mwisho utazidisha lita za jana kwa siku 365 na kusahau kwamba ng'ombe hukauka. Ndizi zinauzwa kwa mkungu, na mkungu si kipimo. Nenda siku ya soko, Mwika au Kiboriloni, na mizani ya kuning'iniza; pima mikungu kama 30 ya ukubwa wa aina tatu na uandike bei yake. Piga picha ya kila aina, wadadisi waionyeshe: "ya kwako ilikuwa kama ipi?" Debe na gunia vilevile vipime hapo hapo, usiamini kilo za kwenye vitabu.

Eneo la shamba ni mtihani mwingine. "Ekari" ya kijijini ni hatua 70 kwa 70. Hatua ya sentimeta 75 inakupa mita za mraba 2,756 hivi, wakati ekari halisi ni 4,047. Yaani theluthi moja imepotea kwa sababu ya miguu mifupi. Na GPS ya simu chini ya migomba haishiki vizuri, ikikosea mita 10 kwenye kihamba cha robo ekari huna tena kipimo. Uliza idadi ya mibuni. Hiyo mkulima anaijua. Uliza pia ni aina gani, kwa sababu aina bora za TaCRI (taasisi ya utafiti wa kahawa) Lyamungu zinahimili chulebuni na kutu ya majani, mwenye nazo anatumia fedha kidogo kwenye dawa, na faida hiyo usije ukaihesabu kuwa ni ya AMCOS.

Suala la nani ajibu lina ushahidi wa hapahapa nchini. Kati ya 2007 na 2008 lilifanyika jaribio ambapo kaya ziligawiwa aina tofauti za dodoso kwa bahati nasibu. Mtu mwingine alipowajibia wanaume, ajira yao kwenye takwimu ilishuka sana, hasa kwa kusahaulika kazi za shamba. Na dodoso fupi lisilo na maswali ya kuchuja lilipunguza idadi ya wanawake waliohesabiwa kuwa wanafanya kazi. Basi ukiona mwenzako ana ukurasa mmoja wa "shughuli kuu ya mkuu wa kaya", mhurumie.

Ile sehemu ya "nakubali sana, nakubali, sina hakika…" punguza. Sentensi kama "AMCOS imenisaidia kuinua kipato changu" mbele ya kijana aliyeletwa na katibu wa AMCOS itapata "nakubali" kutoka kwa kila mtu. Cronbach alpha (kipimo cha jinsi majibu ya sentensi hizo yanavyoafikiana) itapita 0.7 bila jasho, kwa sababu watu wanaokubali kila kitu wanafanana majibu. Weka sentensi chache zilizogeuzwa ("Ningepata bei nzuri zaidi bila AMCOS") uone ni wangapi wanakubali zote mbili. Na wadadisi wasiongozane na kiongozi wa AMCOS hadi mlangoni. Balozi au mwenyekiti wa kitongoji awatambulishe, kisha aondoke.

Desemba usiende. Watoto wamerudi nyumbani, kaya ya watu watatu ina watu kumi na wanne, nyama inaliwa kila siku, na hakuna anayetaka kukaa dakika 50 na wewe. Matumizi utakayopima si ya kaya hiyo. Masika ya Machi hadi Mei nayo barabara za Uru na Old Moshi zinateleza. Februari ni nzuri kama barua zako ziko tayari: chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Ofisa ushirika wa wilaya mpitie kabla ya kwenda AMCOS, bila yeye daftari halifunguliwi. Daftari hilo lina majina na namba za simu, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu: majina yakae faili moja lenye nywila, majibu faili jingine, yaunganishwe kwa namba tu.

Mdadisi mmoja kwa mlima ule na dodoso la dakika 50 atamaliza 4 kwa siku kwa ubora. Wanne ni 16, hivyo 300 ni siku 19 za kazi, na uongeze siku za misiba, kwa sababu kitongoji kikiwa na msiba hakuna kaya ya kuhoji. Chukua wadadisi wanaotoka eneo husika. Kirombo hakitamsaidia bibi wa Kibosho akikwama kwenye Kiswahili. Dodoso liandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, siyo kutafsiriwa usiku wa kuamkia uwandani, na lijaribiwe kwa kaya 15 ambazo hazimo kwenye sampuli.

Kwa kujaza dodoso kwenye simu, KoboToolbox inatosha na inafanya kazi bila mtandao. Weka mipaka ya majibu, ila mipaka migumu sana huwafundisha wadadisi kubuni namba inayokubalika, kwa kilo na shilingi weka onyo linalouliza "una uhakika?" badala ya kuzuia. "Hajui" iwe −98 na "amekataa" −99. Ukitumia 999 kwenye kilo za kahawa, kuna siku itaingia kwenye wastani. Kila jioni angalia muda wa kila hojaji na namba zinazoishia na sifuri. Kisha wapigie simu asilimia 10 ya waliohojiwa na uwarudie maswali matano yasiyobadilika, kama idadi ya mibuni na mwaka aliojiunga.

SPSS au Stata: ile ambayo msimamizi wako anaweza kuisoma. Sharti ni moja, kila hatua iandikwe kwenye faili la amri, usibofye menyu. Kwenye regresheni makosa sanifu yakusanywe kwa kitongoji (yahesabiwe kwa kuzingatia kwamba majirani wanafanana), na usiweke mafunzo yaliyotolewa na AMCOS kama kigezo cha kudhibiti, maana ni sehemu ya unachokipima. Ukitaka kuoanisha wanachama na wasio wanachama, tumia vitu vilivyokuwepo kabla hajajiunga: mwinuko, ukubwa wa kihamba alichorithi, elimu, umri wakati ule. Ndiyo maana lile swali la mwaka aliojiunga lisikose kwenye dodoso.