Nyanya zangu zinaoza kitako: nipulize dawa gani?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Niko Kigamboni, nina miche 12 ya nyanya aina ya Cal J nimeipanda kwenye viroba nyuma ya nyumba. Miche imestawi vizuri, majani ni mabichi kabisa, lakini tunda likifika ukubwa wa yai linaota doa jeusi chini, doa linadidimia mpaka nusu ya tunda inaharibika. Dukani walinipa dawa ya ukungu, nimepuliza mara tatu na hali ni ile ile. Jirani anasema nisage maganda ya mayai. Maji nachota kisimani, yana chumvi kidogo, na siku nyingine nakosa nafasi ya kumwagilia. Mbolea ya urea naweka kila Jumamosi. Nitumie dawa gani?

JIBU: Marahaba, dada. Dawa ya ukungu iache leo hii. Hapo hakuna ukungu wa kuua, na hela yako inaishia hewani. Tatizo lako wakulima wanaliita kuoza kitako, na halitoki kwenye tunda moja kwenda jingine. Linatokea pale tunda linapokosa madini ya kalsiamu wakati linajijenga.

Kabla hujaniamini, kagua mambo mawili. Baka jani, ule ugonjwa wa ukungu, huanza kwenye majani na shina, na kwenye tunda hutokea upande wowote. Kantangaze, yule mdudu ambaye viwavi vyake hula jani kwa ndani, huacha michirizi myeupe ndani ya jani na vitobo kwenye tunda, mara nyingi karibu na kikonyo. Doa lako liko chini tu, mkabala na kikonyo, ni kavu, limekuwa kama ngozi, na majani ni mazima. Basi ni kuoza kitako.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea, akiwemo jirani yako. Wakisikia kalsiamu wanakimbilia kuiongeza. Mara nyingi kwenye udongo ipo ya kutosha, ila haifiki kwenye tunda. Kalsiamu husafiri ndani ya mmea ikibebwa na maji, na maji huelekea kule yanakopotea kwa wingi, yaani kwenye majani. Tunda lina ngozi laini isiyopumua sana, kwa hiyo linapata mgao mdogo, na ncha yake ya chini ndiyo ya mwisho kufikiwa. Siku usiyomwagilia, majani yanachukua kidogo kilichopo na kitako kinakosa. Tena kalsiamu ikishaingia kwenye jani haihami kwenda kwenye tunda, ndiyo maana hata ile ya kupuliza majanini haisaidii sana.

Jambo jingine: tunda huumia likiwa bado dogo, wiki mbili hivi za mwanzo, ila doa unaliona baadaye. Weusi unaouona leo ni matokeo ya kiu ya siku zilizopita. Ukirekebisha umwagiliaji leo, usikate tamaa kuona matunda mengine mawili matatu yakiharibika wiki ijayo. Hayo yalishaumia. Angalia yale yanayofunga sasa.

Mche mkubwa wenye matunda, kwenye kiroba na jua la Januari la Dar, unaweza kunywa lita 2 kwa siku au zaidi, na kichanga cha Pwani hakishiki maji. Mwagilia asubuhi na jioni, kidogo kidogo, kila siku. Chomeka kidole mpaka pingili ya pili. Ukikuta pakavu, umechelewa. Funika juu ya kiroba kwa nyasi kavu, unene wa vidole vinne, usigusishe shina. Siku unazojua utachelewa kurudi, toboa vitundu vidogo kwenye kifuniko cha chupa ya lita 1.5, kata kitako chake, ifukie kichwa chini pembeni ya mche na uijaze maji. Nawasihi sana wenye viroba wafanye hivi, maana haina gharama.

Kuhusu kisima: chumvi kwenye udongo huufanya mzizi ushindwe kuvuta maji hata kama udongo umelowa. Ukiona utando mweupe juu ya udongo au kwenye kiroba, chumvi imejikusanya. Changanya maji ya kisima na ya mvua au ya bomba, na kila baada ya wiki mbili mwagia maji yasiyo na chumvi mpaka yatoke kwa wingi chini. Hakikisha kiroba kina matundu.

Urea isimamishe. Kwenye udongo hugeuka kwanza kuwa amonia, nayo inagombania njia na kalsiamu kwenye mzizi, huku ikisukuma majani mengi yanayokunywa maji ya matunda. Huo ubichi unaousifia ni sehemu ya tatizo. Mche ukihitaji nguvu, tumia CAN, mbolea yenye naitrojeni na kalsiamu, kijiko kimoja cha chai kwa kiroba kila wiki mbili, mbali kidogo na shina, kisha mwagilia.

Maganda ya mayai si mabaya, ila huyeyuka taratibu mno kuokoa matunda haya. Yakaushe, yatwange yawe unga, uyachanganye na mboji unapoandaa viroba vya msimu ujao. Majivu usizidishe, yana potasiamu nyingi ambayo nayo huzuia kalsiamu.

Matunda yaliyooza yachume ili mche usipoteze nguvu. Kama sehemu ya juu ni nzima na haina ukungu, kata weusi, iliyobaki inafaa kwa mchuzi. Na ukipanda tena, weka viroba viwili vya nyanya ndogo za mviringo, zile za kachumbari. Nyanya ndefu kama Cal J hupatwa na ugonjwa huu kirahisi. Hizo ndogo hupatwa mara chache sana.