Anza na kile cha Lagos

Dada yangu wa Jinja, umeuliza ununue kipi kwanza, The Silent Patient au My Sister, the Serial Killer, maana riwaya za taharuki hukuchosha katikati. Nunua My Sister, the Serial Killer, cha Oyinkan Braithwaite, hadithi ya Lagos. Kilitoka 2018, sura zake ni fupi mno, na mimi nilikimaliza ndani ya basi kutoka Mbale hadi Kampala. Muuaji unamjua tangu mwanzo: Ayoola kamuua mpenzi wake, na dada yake Korede, muuguzi, anakuja kusafisha damu. Kinachokushika ni swali jingine kabisa: utamlinda ndugu yako hadi wapi? Sisi tuliolelewa katika koo kubwa tunalijua swali hilo, na lilininyima usingizi.

The Silent Patient, cha Alex Michaelides, cha 2019, kina fumbo zuri, mwanamke anampiga mumewe risasi kisha hasemi tena. Lakini katikati kinajikokota, na hapo ndipo wewe huchoka. Kisubiri.

Halafu tafuta Kintu cha Jennifer Nansubuga Makumbi. Hakiitwi taharuki, ila ule mwanzo wa Bwaise, mtaa wa Kampala, mtu akiuawa na umati, ulinilazimu nifunge kitabu kwanza nipumue.