Kabla ya AutoCAD, penseli ya 2H

Haupiti mwezi kabla kijana fulani hajaniuliza, "Dada, AutoCAD nisomee wapi hapa Kisumu?" Anamaanisha programu ya kuchorea nyumba kwa kompyuta. Nami humrudishia swali: una penseli ya 2H? Wengine hucheka. Wengine huniona mshamba. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba penseli ilikuwa ya enzi za babu yake. Sijali. Huu ni mwaka wa tisa nikila kwa kuchora nyumba, na makosa mengi ninayoyaona kwenye skrini za vijana wanaokuja ofisini kwetu kwa atachimenti ni makosa ambayo karatasi ingeyakataa mapema.

Muhula wangu wa kwanza chuoni tulivuta mistari tu. Wiki tatu nzima, mistari. Vifaa vilikuwa ubao, tiskwea (rula ndefu yenye kichwa, kama herufi T), setiskwea mbili za pembetatu (moja ya digrii 45, nyingine ya 30 na 60), penseli mbili, raba na tepu ya kushikiza karatasi. Penseli ya 2H ni ya mistari hafifu ya kutafutia njia, HB ni ya mstari wa mwisho. Mwalimu alipita nyuma ya migongo yetu akisema neno moja: zungusha. Yaani unapovuta mstari, izungushe penseli polepole kati ya vidole ili ncha isilike upande mmoja. Usipofanya hivyo, mstari unaanza kama uzi na kuishia kama kamba ya ng'ombe.

Jambo ambalo hakutuambia, nikalijua baada ya kupoteza alama, ni kwamba setiskwea za bei nafuu si zote zina pembe ya digrii 90. Ipime yako kabla hujaiamini. Iegemeze kwenye tiskwea, vuta mstari wa kusimama. Kisha igeuze kama unavyogeuza chapati, isogeze mpaka iguse mguu wa mstari ule ule, uvute tena. Mistari miwili ikilaliana, setiskwea ni nzima. Ikiachana huko juu kama mkasi uliofunguka, irudishe dukani. Kosa lenyewe ni nusu ya uwazi unaouona, lakini nusu hiyo ukiibeba hadi mwisho wa karatasi, ukuta wako umeshalala.

Halafu kuna jasho. Aliyechora mwezi wa Februari katika darasa la mabati anajua ninachosema: kiganja kinalowa, kinabeba unga wa penseli, na mchoro wote unakuwa na wingu. Tandika kipande cha tishu chini ya mkono, anza kazi juu ukishuka, na usafishe setiskwea kwa kitambaa kila baada ya dakika chache. Tiskwea usiiburute juu ya mistari mibichi, inyanyue.

Mbona nakutesa na haya yote? Kwa sababu karatasi ina mwisho. A3 ni mm 297 kwa 420, basi. Nyumba ya urefu wa mita 12 kwa skeli ya 1:100, yaani mm 1 ya karatasi kwa mm 100 za kweli, itachukua mm 120, kwa 1:50 itachukua 240. Hesabu hiyo lazima uimalize kabla ya mstari wa kwanza, la sivyo jikoni litaangukia nje ya ubao. Ukuta wa mm 150 kwa skeli ya 1:100 ni milimita moja na nusu. Mkono wako unalijua hilo, hata macho yakisahau. Kwenye kompyuta hakuna mwisho. Unazungusha gurudumu la kipanya, unasogea karibu mpaka ubao wa chini ya ukuta, ule wa unene wa mm 15, unaonekana mnene kama godoro. Unauchora kwa upendo, na mistari yake miwili. Ukiprinti kwa 1:100, mistari hiyo inaachana kwa mm 0.15, na unachokipata ni doa jeusi kuizunguka nyumba nzima. Nimewahi kupokea plani (mchoro wa nyumba ikitazamwa kutoka juu) ya kijana aliyechora hadi mashimo ya sinki.

Plani, hata mtu asiyejua ujenzi anaweza kuikisia. Mchoro wa mkato, ule tunaouita seksheni, nyumba ikionekana kama imekatwa wima, ndio unaomuumbua mtu. Zoezi langu la kwanza lilikuwa kukata ukuta kupitia dirishani, kuanzia msingi hadi paa, kwa skeli ya 1:20. Huku juu nilijiona bingwa: kizingiti mm 900 kutoka sakafuni, dirisha mm 1200, kwa hiyo lenta, boriti ya juu ya dirisha, inakaa kwenye 2100, sawa na juu ya mlango. Chini ya sakafu nikavuta mstari mmoja, nikapaka vijidoa vya zege, nikapeleka. Mwalimu akaweka kidole pale chini. "Hii sakafu imekalia nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimenakili mstari kutoka mchoro wa mwenzangu, naye kwa mwingine.

Jumamosi hiyo nilipanda matatu hadi Nyamasaria, kulikokuwa na mjengo wa jamaa yetu, nikiwa na tepu ya kupimia na daftari. Mwashi alikuwa mzee mmoja mpole, mwenye rula ya mbao ya kukunja mfukoni. Alinionyesha shimo la msingi. Upande ule wa kuelekea uwanda wa Kano udongo ni ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Walikuwa wameuchimba wote mpaka wakafikia ardhi ngumu, ndipo wakaweka msingi. Kisha mawe ya hadikoo, yale ya kujazia chini ya sakafu, yaliyoshindiliwa, juu yake vumbi la mawe la kufunika ncha, halafu nailoni, wavu wa chuma, na mwisho zege. Nilipima kila tabaka na kuandika. Nilimwuliza, na kama nailoni haiko kwenye ramani? "Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "isipokuwa kwa ramani mimi siweki. Mwenye nyumba hatanilipa."

Jumatatu nilichora mkato ule upya, na kwa mara ya kwanza sikuwa nanakili. Ushauri wangu kwa hiyo ni huu: kama hujui kitu kinavyojengwa, usikichore, nenda kakione. Kisumu, Kakamega, Nakuru, hakuna mtaa usio na mjengo. Wasalimu mafundi vizuri, nenda saa za chai, na usimsimamie mtu kichwani akiwa na mwiko mkononi.

Sasa, usinielewe vibaya. Sitaki mtu azeekee kwenye ubao. Tulikuwa na mwenzetu mwenye mkono mzuri kuliko sisi sote, herufi zake utadhani zimechapwa, akaona kompyuta ni ya wavivu. Tulipotafuta kazi ndipo alipoanza kujifunza pale ambapo sisi tulianzia miaka miwili nyuma. AutoCAD imekuwepo tangu 1982; hakuna ofisi itakayokungoja. Na wateja ndio hao: anakupigia saa mbili usiku kwamba mama mkwe anahamia, ongeza chumba. Waliochora kwa wino kwenye karatasi ya tresingi, ile inayopitisha mwanga, walikuwa wakikwangua mistari kwa wembe. Mimi nasogeza ukuta na kulala.

Kipimo changu ni hiki: siku utakapochora plani, mkato na sura zote nne za nje za nyumba ya chumba kimoja bila kumwuliza mtu, hamia kwenye kompyuta.

Huko utakutana na jambo moja litakalokuchanganya kwa sababu umetoka kwenye karatasi. Usigawanye. Kwenye kompyuta chumba cha mm 3600 unaandika 3600, kwa ukubwa wake halisi, na skeli inakuja wakati wa kuprinti. Siku yangu ya kwanza nilikaa asubuhi nzima nikigawanya kila kipimo kwa 100 kichwani, nikachora kinyumba cha kuwekea kuku wa plastiki. Kinachobadilika ni maandishi: ukitaka herufi za mm 2.5 kwenye karatasi ya 1:100, zichore na urefu wa 250, vinginevyo utaprinti mchwa.

Tenga leya, yaani matabaka ya mchoro, tangu mwanzo: kuta, milango, madirisha, fanicha, vipimo, maandishi. Uipe kila leya unene wake, kama kalamu za wino za zamani: kuta zilizokatwa mm 0.5, fanicha mm 0.18. Hapa ndipo wiki tatu za mistari zinapolipa, maana aliyeanzia kwenye skrini huona rangi tu, na mchoro wake ukitoka kwa nyeusi na nyeupe, kitanda na ukuta vina uzito sawa. Amri za kuanzia ni chache: L kwa mstari, O ya kuunakili kwa umbali unaotaka (vuta upande mmoja wa ukuta, andika 150, tayari una ukuta), TR ya kukata. F8 inanyoosha mistari, F3 inakushikia ncha. Usiizime F3. Kona zinazoonekana zimefungana huku zikiwa wazi kwa nywele moja zimenilaza ofisini zaidi ya mara moja.

Na kwa kuwa kompyuta inakubali namba yoyote, vijana huandika chumba cha 3470. Bloku ya simiti ni mm 390 kwa urefu na 190 kwa kimo. Weka mota ya kuunganishia ya mm 10, una 400 kwa 200. Panga urefu wa kuta zako kwa mafungu ya 200, nusu ya bloku, na fundi hatashinda akikata bloku na kutupa vipande.

Kosa langu lililoniuma kuliko yote halikutokea kwenye kuchora, lilitokea kwenye kuprinti. Mashine ya ofisini ilikuwa mbovu, foremani anangoja, nikakimbia na fleshi hadi saiba. Mhudumu akabonyeza ile ya kutosheza mchoro ndani ya karatasi, A3 ikatoka ikiwa imepungua karibu sehemu tano kwa mia. Kwa macho huoni. Nami kwa haraka zangu nilikuwa nimesahau kuandika kipimo kimoja, kutoka kona ya nyumba hadi ukuta wa chumba cha kulala. Kilikuwa mm 4500. Mwashi akakosa namba, akaweka rula kwenye karatasi: badala ya mm 45 akasoma 43. Akajenga kwa mita 4.3. Safu tatu za bloku zilikuwa zimeshasimama ndipo ikagundulika kwamba chumba cha pili kimezidi na cha kwanza hakiingizi kitanda na kabati. Zilibomolewa. Bloku zilizovunjika nilizilipia mwenyewe, na haki yao.

Kila mchoro una ile ilani kwamba usipime kwa rula, soma vipimo. Ilani haina maana kama kipimo hakipo. Siku hizi najumlisha mnyororo wa vipimo vya kila upande mpaka ufikie urefu wote wa nyumba, kwa kalamu, pembeni ya karatasi. Na kila ukurasa nauwekea mstari wa skeli wenye alama za mita, kwa sababu karatasi ikisinyaa, nao unasinyaa nayo. Yule mzee wa Nyamasaria nikimpelekea ramani siku hizi, rula yake ya kukunja inatua kwenye mstari huo kabla hajaniitikia salamu.

Mengine ni mafupi. Stima ya Kisumu unaijua mvua ya jioni inapoanza kunguruma. Hifadhi kazi kila dakika chache. Faili ikiharibika, tafuta kando yake ile inayoishia na .bak, badilisha mwisho uwe .dwg, uifungue. Imeniokoa mara mbili. Programu za wizi achana nazo, fleshi yangu ya mwaka wa mwisho ililiwa yote na virusi vyake. Mwanafunzi anaweza kupata AutoCAD bure kupitia mpango wa elimu wa Autodesk, wenye programu hiyo,, na kama laptopu yako ni dhaifu, LibreCAD, programu nyingine ya kuchorea, ni ya bure na haichagui mashine.

Na usijiite msanifu majengo kwa kuwa umejua kuchora. Jina hilo lina sheria yake na bodi yake ya kusajili, BORAQS. Chora, jenga mkono, fanya kazi chini ya aliyesajiliwa, muhuri uwe wake.

Aliyeniuliza wiki jana alisema hana hata pesa za ubao. Nenda Kibuye kwa mafundi wa mbao, omba kipande cha plaiwudi kinachozidi A3 kidogo kila upande. Si lazima kiwe kizuri. Mwambie fundi arande ukingo mmoja tu unyooke kabisa, wa kushoto, kwa sababu hapo ndipo kichwa cha tiskwea kitakapopanda na kushuka. Kama unatumia mkono wa kushoto, arande wa kulia.