Shelisheli kwa mfuko wa mwalimu

SWALI: Asalaam aleikum, shangazi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Hoima, Uganda. Mwakani mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Tumeweka akiba kidogo kidogo kwenye chama cha walimu hadi tumefikisha shilingi milioni 13, na tangu harusi ndoto yangu ni Shelisheli. Wakala mmoja wa safari hapo Kampala alitupa bei ya hoteli ya ufukweni: siku tano tu, bila tiketi za ndege, zinamaliza pesa zote na kutuachia deni. Mume wangu anasema twende zetu visiwa vya Ssese hapa Ziwa Victoria, zinazobaki tununue mabati. Je, ni kweli visiwa vile ni vya matajiri peke yao?
Mwalimu, Hoima

JIBU: Wa aleikum salaam, mwalimu wangu. Bei uliyopewa si ya uongo. Hoteli za namna hiyo zipo, na nyingine ni ghali kuliko hiyo. Lakini Shelisheli wanaishi watu laki moja na ushei, wanaopanda basi kwenda kazini, wanaonunua samaki sokoni na kuoga baharini Jumapili. Ukiishi kama wao, milioni 13 zinawatosha watu wawili kwa wiki nzima. Nasema hivyo kwa sababu nilikwenda mwenyewe, mimi na dada yangu mkubwa, siku nane, kwa pesa za duka la vitenge.

Kwanza mabati. Kama nyumba inavuja, ezekeni kwanza, bahari haihami. Kama haivuji, endelea kusoma.

Tiketi ndizo zilizotuumiza zaidi: zilikula karibu nusu ya pesa zetu. Kutoka Entebbe mnabadilisha ndege Nairobi au Addis Ababa, kisha mnashuka Mahé, kisiwa kikuu. Nunueni miezi mitatu au minne kabla, na mpange siku ambazo ndege zinaungana vizuri, msije mkalipia hoteli njiani. Viza haihitajiki, ila kuna kibali cha kusafiri kinachoombwa kwa intaneti na kulipiwa kabla ya kuondoka. Kiombeni kwenye tovuti ya serikali yao yenyewe, kwa maana wako watu wa kati wanaotoza zaidi kwa kazi ya dakika ishirini. Wataulizia tiketi ya kurudi, mahali mtakapolala na pesa za kujikimu. Na kwa kuwa tunatoka Uganda, kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Mchanjwe siku kumi au zaidi kabla ya safari. Anayechanjwa sasa kadi yake haiishi muda.

Sasa malazi, na hapa ndipo utakapoona tofauti. Tafuteni nyumba ya wageni inayoendeshwa na familia, yenye jiko. Sisi tulikaa Beau Vallon, kaskazini ya Mahé, upande wa pili wa mlima kutoka mji mkuu wa Victoria. Tulikuwa tukitoka mlangoni na kandambili, tunavuka barabara, tumefika kwenye ghuba ndefu ya mchanga mweupe ambayo wengine walikuwa wanailipia mara sita ya tulicholipa sisi. Maji yaleyale, jua lilelile linalozama. Fukwe za Shelisheli ni za umma. Hoteli inaweza kukuzuia kukatiza bustani yake, lakini mchanga si wake. Hilo ndilo jambo ambalo wakala wako hakukwambia, na ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu.

Chakula msile hotelini. Viko vibanda vya chakula cha kubeba: wali, samaki wa kuchoma, dengu, mchuzi wa pweza wa nazi, vyote kwenye boksi moja linaloshibisha. Asubuhi nendeni soko la Victoria mkanunue samaki na viungo, mkapike wenyewe. Jioni ya Jumatano pale Beau Vallon hufanyika gulio la vyakula ufukweni, na ndipo nilipokula ladob, ndizi zilizopikwa kwa tui la nazi, sukari, vanila na kungumanga. Dada yangu, anayepika matoke kila siku ya Mungu, aliomba sahani ya pili.

Na wewe mwalimu wa Kiswahili utafurahia hili: tunda tunaloliita shelisheli limepata jina lake kwa visiwa hivyohivyo. Wao kwa Krioli, lugha yao, wanaliita friyapen, yaani tunda la mkate. Wanalichoma, wanalikaanga kama chipsi, wanalitia kwenye ladob. Wenyeji husema kuwa anayelila lazima atarudi. Nunua moja sokoni, ulichome, kisha ukawasimulie wanafunzi wako.

Usafiri ndio ulionifundisha kwa uchungu. Mabasi ya umma yanazunguka Mahé na kisiwa jirani cha Praslin, na nauli yake ni ndogo mno ukilinganisha na teksi. Lakini hayapakii mizigo mikubwa, na mimi nilibeba sanduku la kilo 23 kama mtu anayehamia. Teksi ya kutoka uwanja wa ndege ilinigharimu pesa ambazo zingenilisha siku mbili. Bebeni begi dogo la mgongoni kila mmoja. Kwenye joto lile nguo mbili tatu nyepesi zinatosha. Mjue pia kwamba jioni mabasi yanaisha mapema, na Jumapili ni machache.

Visiwa vyote ni 115, na hapo wengi wanapotea: wanataka kuviona vingi. Kila mkivuka bahari mnalipa, na mgeni analipa feri zaidi ya mwenyeji. Ningekuwa wewe ningelala Mahé usiku nne na Praslin usiku tatu, basi. Feri kutoka Victoria hadi Praslin ni kama saa moja, na kutoka Praslin hadi La Digue dakika kumi na tano tu, kwa hiyo La Digue mnaikodia baiskeli ya siku moja na kurudi. Praslin kuna Anse Lazio, ufukwe ambao hulipii kitu. La Digue kuna Anse Source d'Argent, ile yenye mawe makubwa ya kijivu unayoiona kwenye kalenda. Pale mnapita kwenye shamba la zamani lenye kiingilio. Kiingilio kingine cha kulipa bila kunung'unika ni cha Vallée de Mai, msitu ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1983. Humo imeota minazi ya coco de mer, ambayo mbegu yake ni kubwa kuliko ya mmea mwingine wowote duniani. Nilisimama chini yake bila kusema neno.

Majira: likizo yako ya Mei ni nzuri. Desemba bei zinapanda. Kuanzia Juni hadi Septemba pepo za kusini-mashariki zinachafua bahari, feri inatikisa, na mwani unarundikana kwenye baadhi ya fukwe za Praslin na La Digue. Hata Mei, asiyezoea bahari abebe tangawizi.

Kuhusu Ssese, mume wako ana hoja. Visiwa 84, feri ya Bukakata hadi Luku haina nauli, na mnaweza kwenda hata mwisho wa juma moja mwaka huu. Nendeni. Ila wewe wa Hoima una sababu ya Shelisheli ambayo Mzungu wa kwenye tangazo hana. Mwaka 1899 Waingereza walimkamata Omukama Kabalega, mfalme wenu wa Bunyoro, pamoja na Kabaka Mwanga wa Buganda, na hatimaye wakawahamishia visiwa hivyo. Mwanga alifia huko 1903. Mabaki yake yalirudishwa 1910 na kuzikwa Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme hapo Kampala. Katikati ya Victoria kuna mnara mdogo wa saa uliosimamishwa mwaka huohuo wa 1903. Watalii wanapiga picha na kuondoka. Mimi nilikaa pale nikamwaza Mwanga, mfalme wetu, akifa mbali na kwao huku watu wakifunga saa. Kabalega aliruhusiwa kurudi 1923, akafia Jinja kabla ya kuiona tena Bunyoro.

Pandeni pia basi la barabara ya Sans Souci mwende kwenye magofu ya Venn's Town. Ilikuwa shule ya watoto wa watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, wengi wao wametoka huku kwetu Afrika Mashariki. Kutoka pale milima na bahari vinaonekana mbali sana. Nilijiuliza wale watoto walizungumza lugha gani usiku, wakiwa peke yao. Wewe unayefundisha Kiswahili huenda ukasikia kitu ambacho mimi sikukisikia.

Msikope hata shilingi. Zikipungua, punguzeni siku, sio akiba ya ada za watoto. Na kabla hamjapanda basi la Kampala, piteni Mparo, hapo jirani yenu, kwenye kaburi la Kabalega. Mwambieni mnakokwenda.