Kinyago, sanamu au kisanamu cha Minerva?

SWALI: Naandika maelezo ya picha ya sanamu ndogo ya Minerva ya enzi za Warumi. Nimeandika: "Kinyago cha shaba kilichochongwa cha mungu mke Minerva, amevaa kofia ya chuma." Mwenzangu anasema sentensi nzima ina makosa. Je, ni kweli?

JIBU: Si nzima. Kosa kubwa ni "kilichochongwa". Kuchonga ni kupunguza: unalo gogo au jiwe, unaondoa kwa tezo au patasi mpaka umbo litokee. Kwa visanamu vya namna hii, fundi wa Kirumi alifinyanga umbo kwa nta, akalifunika kwa udongo na kuuchoma. Nta ikayeyuka ikatoka, naye akamimina shaba ya moto katika uwazi uliobaki. Kazi hiyo ndiyo kusubu, na udongo ule wenye uwazi ni kalibu. Basi sema "kilichosubiwa". Patasi iliingia baadaye, kutia nakshi kwenye nywele na mikunjo ya nguo.

Kinyago nacho kiache. Wasomaji wengi wataona kazi ya mti, kama vinyago vya Wamakonde, au sura ya kuvaliwa usoni ngomani. Hii ni sanamu, na kwa udogo wake "kisanamu" ni bora zaidi, tena kuna faida ya kisarufi. Ukiandika "sanamu ya shaba ya Kirumi", msomaji hajui kilicho cha Kirumi ni sanamu au ni shaba, maana yote mawili huchukua "ya". "Kisanamu cha shaba cha Kirumi" hakina utata huo. Ila usiongeze -ji-: "kijisanamu" linabeza, na hiki kilikuwa kitu cha ibada.

Shaba ni neno pana. Mkoa wa Katanga ulipoitwa Shaba, 1971 hadi 1997, ilikusudiwa shaba nyekundu ya migodini. Katika "medali ya shaba" ya mshindi wa tatu, neno lina maana nyingine, mchanganyiko wa shaba na bati. Mchanganyiko huo uite shaba nyeusi, au bronzi kama waandishi wa sayansi. Bati hapa ni metali yenyewe. Mabati ya kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki. Warumi waliongeza mara nyingi na risasi ili shaba itiririke vizuri kwenye kalibu, na hapo andika "madini ya risasi", msomaji asije akafikiria bunduki.

"Mungu mke" si kosa, ni Kiswahili cha zamani: Biblia, Matendo 19:27, imemwita hivyo Artemi wa Efeso. Lakini leo sikio husikia mke wa mtu, na Minerva hakuwa na mume. "Mungu wa kike" ni salama zaidi. Katika wingi utakuta "miungu wa kike" na "miungu ya kike". Napendelea la kwanza, kwa kuwa tunawataja kama walio hai, ingawa Amri Kumi zinasema "miungu mingine".

Tazama pia "cha Minerva". Warumi waliweka visanamu kwenye madhabahu ya nyumbani na kuvitoa nadhiri hekaluni, kwa hiyo "cha" yaweza kusomwa kuwa kisanamu ni mali yake au kilitolewa kwake. "Kinachomwonyesha" huondoa shaka, tena hukupa nafasi ya kuhama kutoka KI- kwenda A-: kisanamu *kimevunjika* mkono, lakini Minerva *amevaa*. Sentensi yako imeruka kutoka "kinyago" hadi "amevaa" bila daraja.

Kofia ya chuma juu ya kichwa cha shaba inachanganya. Kofia ya vita ni chapeo.

Andika hivi: "Kisanamu cha shaba nyeusi cha Kirumi, kinachomwonyesha mungu wa kike Minerva akiwa amevaa chapeo." Si lazima utaje kusubiwa, labda kama maelezo yako yanahusu ufundi. Na ikiwa mkono wa kulia umeinuliwa na kiganja kiko wazi, usiandike "anapunga mkono". Mara nyingi alikuwa ameshika mkuki uliotengenezwa peke yake, ukapotea.