Nyama Tupu Si Sifa: Maswali Yenu Kuhusu Kababu za Kiswidi

Makala iliyopita niligusia köttbullar kwa sentensi mbili tu, zile kababu ndogo za Waswidi zinazoliwa na mchuzi wa krimu, viazi vya kuponda na jamu ya lingon (vitunda vidogo vyekundu, vichachu, vya msituni), na maswali yakamiminika kana kwamba nimetangaza mahari. Nimechambua. Niliyoyaacha ni ya wale wanaouliza jambo lililokwisha kujibiwa mara tatu, na moja la bwana anayetaka kuzipika bila siagi, bila krimu na bila nyama. Huyo namtakia kheri na mchicha wake.

Shikamoo mama. Kababu zangu zinatoka ngumu kama kete za bao. Nilitumia steki tupu, nusu kilo, nikaisagisha mara mbili, na yai moja. Mkate sikutia, sitaki kuwapunja wageni. Nimekosea wapi? (Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu. Umekosea palepale unapojisifia.

Hili la nyama tupu nimelipigia kelele hadi sauti imekauka. Watu wanaona mkate kwenye kababu ni ujanja wa mwenye mgahawa. Nyama ya kusaga ikishikwa na moto hujikunyata na kujikamua maji. Steki haina mafuta ya kuiokoa, nawe umeisaga mara mbili, ukaikanda (najua umeikanda, nyote mnaikanda kama mnapika chapati), kisha ukaitia yai la kuigandisha. Chenga za mkate zilizolowa maziwa huingia katikati ya nyama, huizuia isishikamane ikawa bonge moja, na hubaki na yale maji ambayo yangemwagikia kwenye kikaango. Bibi zetu wa Mombasa na Unguja wanaotia slesi iliyolowekwa kwenye kababu hawampunji mtu. Wanajua meno ya wageni wao.

Vipimo vyangu ni hivi, na sitavirudia mwezi ujao. Nyama nusu kilo, sehemu moja kwa tano iwe mafuta. Mwambie muuza nyama wazi, usimwonee haya. Chenga za mkate mkavu mililita 100, yaani desilita moja kwa mlioko huku Uswidi, ndani ya mililita 150 za maziwa na vijiko viwili vikubwa vya krimu, dakika 10, mpaka ziwe kama uji mzito. Kitunguu kidogo kimoja, kikatwe chembechembe, kikaangwe taratibu kwa siagi hadi kilainike, kisha kipoe. Yai moja. Chumvi kijiko cha chai kimoja, pilipili nyeupe robo kijiko, kryddpeppar robo kijiko, ambayo nitaieleza huko chini. Changanya mpaka vishikane, basi, ondoa mkono. Weka kwenye friji nusu saa. Kisha lowesha viganja na uviringe vidonge vidogo kuliko ndimu, gramu 20 hivi. Utapata kama 40.

Na kukaanga nako. Waswidi wana neno zuri: usitie kitu mpaka siagi inyamaze. Siagi ikiyeyuka hutoa povu na kulialia, ni maji yake yanayokauka. Sauti ikikatika na povu likatulia, hapo ndipo. Moto wa wastani. Tia chache zisibanane, tikisa kikaango zibiringike zenyewe. Ukizirundika zitachemka katika maji yao, zitoke za kijivu, halafu uniandikie tena.

Neno lenyewe linatamkwaje? (Tanga)

Hiyo K usiisome K. Anza na "sh": shötbullar, na hiyo ö ni e iliyosemwa na midomo imeviringwa.

Mimi ni Mwislamu, nimehamia Malmö mwaka huu. Kila mapishi yanataka "blandfärs". Ni nini, na naweza kuiacha?

Iache bila wasiwasi. Blandfärs ni nyama ya ng'ombe na ya nguruwe zilizosagwa pamoja. Kazi ya nguruwe humo ni mafuta tu, kwa hiyo tafuta nötfärs yenye mafuta, ile ya ng'ombe, usichukue iliyoandikwa asilimia 5 ukidhani umejali moyo wako. Mimi huweka robo yake kondoo, na mgeni wa Kiswidi hajawahi kuacha hata kimoja kwenye sahani.

Hukuuliza lakini nakuambia: jifunze maneno matatu kabla ya kununua kababu za pakiti. Nöt ni ng'ombe. Fläsk ni nguruwe, na gris pia ni nguruwe. Nimeona watu wamekaa nchi hii miaka sita wanakula kwa kuangalia picha ya pakiti. Na kama unafuata halali, ujue sheria ya Uswidi, tangu miaka ya 1930, hairuhusu mnyama achinjwe kabla ya kutiwa ganzi, hivyo nyama ya halali utakayoikuta ama mnyama alitiwa ganzi kwanza ama imetoka nje ya nchi. Muulize muuzaji, kisha amua na moyo wako na wanazuoni wako. Mimi ni mpishi.

Naweza kutumia tui la nazi badala ya krimu? (Lamu)

Unaweza, na litakuwa tamu. Kisha ziite kababu za nazi, usimsingizie Mswidi.

Nilipika köttbullar kwa ajili ya wakwe zangu wa Kiswidi. Nilitia tangawizi, kitunguu saumu, binzari, garam masala na pilipili kidogo. Walikula kimya. Walipenda? (Göteborg)

Walikuwa na adabu.

Ninaelewa kishawishi. Kwetu chakula kisicho na viungo ni cha mgonjwa. Lakini köttbullar zina viungo vyake, ni viwili au vitatu na vinaongea kwa sauti ya chini: pilipili nyeupe, kryddpeppar, na nyumba nyingine kungumanga. Kryddpeppar ni punje za kahawia za mti wa visiwa vya Karibiani, Jamaika hasa, zinazofanana na pilipili manga ila kubwa kidogo, na ukizitwanga hunukia karafuu, mdalasini na kungumanga kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo Waingereza waliipa jina la allspice, linalomaanisha "viungo vyote", na jina hilo limewaponza wengi. Kila mwezi napata mtu aliyesoma jina hilo kwenye mapishi akachota bizari ya pilau. Si mchanganyiko, ni punje za mti mmoja. Ukikosa kabisa, karafuu kidogo mno iliyosagwa, ncha ya kisu, na kungumanga kidogo, zitakufikisha karibu. Binzari ya manjano haihusiki kwa njia yoyote, labda uwe unapaka ukuta.

Mchuzi wangu hukatika na una mabonge. Natumia mtindi maana krimu ni ghali, namalizia kwa ndimu. Kikaango nakiosha kwanza kwa kuwa kinabaki na masizi ya kahawia. Nisaidie mama. (Nakuru)

Umekiosha! Mwanangu, umemwaga mchuzi kwenye sinki ukabaki unapika unga.

Hayo unayoyaita masizi ni utamu wote wa nyama ulioganda chini ya kikaango. Yakiwa meusi na machungu, sawa, osha, na siku nyingine punguza moto. Yakiwa ya kahawia, mimina maji ya moto nusu kikombe kikaango kikiwa bado motoni, kwangua kwa mwiko, na hayo maji yaweke pembeni kama dhahabu. Mchuzi huu ukiwa hauna hiyo rangi na hiyo ladha unabaki kuwa uji wa maziwa wenye chumvi, na ndio huo mnaonitumia picha zake.

Sasa endelea. Siagi vijiko viwili vikubwa, unga wa ngano vijiko viwili vikubwa, koroga kwenye moto mdogo dakika mbili mpaka harufu ya unga mbichi iondoke. Mabonge hutokea pale mtu anapomwaga supu yote kwa pupa. Mimina kidogo, koroga mpaka ulainike, mimina tena. Jumla ya mililita 300, supu ya mifupa pamoja na yale maji ya kikaango. Kisha krimu mililita 150 hadi 200. Uchemke polepole dakika kama nane, kwa sababu unga unahitaji muda, na mchuzi ulioharakishwa hubaki na ladha ya gundi. Mwisho kijiko cha chai cha sosi ya soya, pilipili nyeupe, na kijiko kidogo cha jamu chachu. Msinishangae kwa soya, iko kwenye jiko la kila Mswidi ninayemfahamu. IKEA, lile duka la samani la Kiswidi linalouza pia köttbullar, walipotoa mapishi yao ya kupikia nyumbani mwaka 2020, yalikuwamo hayo hayo: sosi ya soya, na haradali ya Dijon.

Mtindi hukatika kwa sababu una uchachu na mafuta machache. Ukiupa moto mkali unaganda vipandevipande, na ndimu ndiyo inayoumalizia. Kama krimu ni ghali, na ni ghali kweli, chukua maziwa mabichi ya ng'ombe, yachemshe, yaache yapoe usiku kucha, engua malai ya juu. Ya siku mbili tatu yanatosha. Hata huku, krimu nyepesi ya asilimia 15 haipendi fujo. Ile nzito ya karibu asilimia 40 ndiyo inayovumilia mpishi asiye makini. Na tafadhali, ule unga wa mchuzi wa pakiti usiuguse hapa. Una chumvi yake, manjano yake na ubishi wake.

Mtoto wangu ananisaidia kuviringa na huonja nyama mbichi kuangalia chumvi. Ni sawa? (Nairobi)

Si sawa hata kidogo. Kaanga kimoja kwanza, onjeni hicho, kisha rekebisha chumvi. Wapishi wote makini hufanya hivyo. Vijidudu vya steki hukaa juu na moto huvimaliza. Nyama ikisagwa, vya juu vyote vimeingia ndani. Katikati ya kababu pafike nyuzi 70. Huna kipimajoto? Pasua moja, pasiwe na uwaridi wala maji mekundu. Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla mtoto hajashika friji, kitasa na simu yako.

Nimesoma kwamba kababu hizi ni za Waturuki, Waswidi waliziiba. Kweli? (Bujumbura)

Mnalipenda swali hili kuliko kupika kwenyewe. Mwaka 2018 akaunti rasmi ya nchi ya Uswidi huko Twitter iliandika kwamba köttbullar zimetokana na mapishi ambayo mfalme wa Uswidi, Karl XII, aliyaleta kutoka Uturuki. Waturuki wakashangilia, Waswidi wakanuna siku mbili.

Cha hakika ni hiki. Karl alipigwa na Warusi pale Poltava mwaka 1709, akakimbilia Bender, mji uliokuwa wa dola ya Osmani, leo uko Moldova, akakaa mgeni wa Sultani hadi 1714. Chakula ambacho jina lake lenyewe linatoa ushahidi ni kåldolmar, nyama iliyofungwa kwenye jani la kabichi: hiyo ni dolma ya Waturuki, haijifichi. Köttbullar tunazikuta kwenye kitabu cha mapishi cha Cajsa Warg cha mwaka 1755. Kati ya mfalme kurudi na kitabu kuchapwa ni miaka arobaini, na hakuna aliyetuonyesha bakuli lililosafiri. Nyama iliyoviringwa ipo kila mahali kuanzia Lahore hadi Forodhani, kwenye urojo wako wewe mwenyewe.

Ninachopenda mimi kwenye historia hiyo ni mashine ya kusagia nyama. Kabla yake mtu alikaa na kisu akikatakata mpaka mkono uume, hivyo kilikuwa chakula cha wenye watumishi. Mashine ilipoenea karne ya 19, mke wa fundi naye akaweza, na nusu kilo yake akaivuta kwa mkate, maziwa, hata kiazi cha kuchemsha. Ndugu yangu wa Tabata, unasoma?

Lingon hatuna huku. Nitumie nini? (Arusha)

Choya, rozela kwa jina jingine. Chemsha maua mabichi, au makavu yaliyolowekwa, na sukari kiasi, yabaki machachu. Yanakaribia kuliko jamu yoyote ya dukani. Ya stroberi usithubutu, ni pipi. Na mlioko Uswidi mnaonunua kopo: msitu uko nyuma ya nyumba zenu, sheria inamruhusu kila mtu kuchuma, na Septemba zimejaa. Zikoroge mbichi na sukari, hazihitaji hata moto. Zina asidi yao ya asili inayozitunza.

Yale matango ya siki yanayoliwa pembeni ya kababu nilitengeneza, tukaungua midomo. Nilitumia siki ya Kiswidi kama ilivyo. (Södertälje)

Kwa sababu ile si siki ya kwetu. Siki ya kawaida ya madukani Afrika Mashariki ni asilimia 5 hivi. Ättika, hiyo siki ya Kiswidi, huja ya asilimia 12, na nyingine ya 24, ambayo ni ya kuzimuliwa na ikae mbali na watoto. Kwa ile ya 12: ättika sehemu moja, sukari mbili, maji tatu. Tango likatwe jembamba mpaka uone kisu upande wa pili, litiwe chumvi, ligandamizwe chini ya sahani nzito nusu saa, likamuliwe, ndipo limiminiwe. Hiyo ya 24 imimine chooni.

Zinaliwa na ugali? (Mwanza)

Zinaliwa. Sitakuja.

Zikibaki nifanye nini? (Uppsala)

Friji, siku tatu, mchuzi kwenye chombo chake. Mimi huwa sizipashi moto hata. Asubuhi nazikata katikati, nazipanga baridi juu ya slesi ya mkate wenye siagi, na juu yake saladi ya kiazisukari chekundu iliyokorogwa na mayonezi. Waswidi wanaiuza mpaka kwenye migahawa ya stesheni za treni. Nilipoionja mara ya kwanza niliicheka, kiazi cha rangi ile juu ya kababu. Siku hizi napika 40 tukiwa watu watatu.